Kopo la bakteria, unga wa njugu, na kubadili kitu kimoja kwa wakati

Najua nimekuwa kimya, na wawili watatu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama ukumbi huu umefungwa. Haujafungwa. Sehemu ya pili ya ile makala ya kuhifadhi nakala za hifadhidata inakuja, ila imekwama kwenye mfano mmoja ambao haujaniridhisha. Leo nataka kuandika kuhusu jambo ambalo si la kompyuta kabisa, ingawa nililishughulikia kwa akili ileile ninayotumia kusaka hitilafu kwenye programu. Sina akili nyingine.

Swali ni hili. Mtoto ana mzio wa chakula fulani, na anatibiwa kwa ile njia ya kulishwa kidogo kidogo chakula kilekile kinachomdhuru, mpaka mwili ukizoee. Je, ni salama kumpa probayotiki juu ya tiba hiyo? Kwa wale ambao neno hili ni geni, probayotiki ni vijidudu hai, wengi wao bakteria, ambao mtu akiwala kwa kiasi cha kutosha wanamfaa kiafya. Hao ndio wanaogandisha maziwa ya mala. Pia ndio wanaouzwa kwenye makopo kwa bei ambayo ukiiona unadhani umesoma vibaya.

Kabla ya kuendelea: mimi ni mtunzi wa programu, si daktari. Ukiwa na mtoto mwenye mzio, msikilize daktari wake.

Dada yangu anaishi Birmingham, Uingereza. Desemba 2023 alikuja nyumbani Kombewa na binti yake wa miaka 7. Kwa wasiopajua Kombewa: unatoka Kisumu kwa barabara ya Busia, unakata kushoto pale Kisian, unapita Holo, ziwa likiwa upande wako wa kushoto ingawa mara nyingi hulioni, na baada ya muda si mrefu uko kwetu, Seme. Ni mahali pa joto, pa samaki, na pa njugu karanga. Njugu zinauzwa stejini zikiwa zimefungwa kwenye vikaratasi, zinasagwa kwenye uji wa watoto, zinatiwa kwenye mchuzi. Maziwa nayo tunayatia kwenye mboga. Mgagani, ambao sisi tunauita dek, unachemshwa, unamwagiwa maziwa, unalazwa, kesho unachemshwa tena. Mboga ambayo haijalala na maziwa mama yangu anaiita majani.

Sasa mpwa wangu ana mzio wa vitu viwili: njugu na maziwa ya ng'ombe. Mnaona shida iliyokuwa inakuja kwa ndege.

Mzio wa maziwa hautibiwi, anaepushwa nayo tu. Wa njugu ndio unaotibiwa. Kila siku anapewa unga wa njugu uliopimwa, uliochanganywa na chakula laini. Dawa hiyo inaitwa Palforzia. Marekani iliidhinishwa Januari 2020, na mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza ikapendekeza watoto wa miaka 4 hadi 17 wapewe kupitia huduma ya afya ya serikali. Siku ya kwanza mtoto anaanza na nusu miligramu ya protini ya njugu, mbele ya wauguzi. Kisha kipimo kinapandishwa kila baada ya wiki mbili hivi mpaka kinafika miligramu 300 kwa siku, ambazo ni kama punje moja ya njugu. Miezi na miezi ya kwenda na kurudi hospitali kwa ajili ya punje moja! Lakini punje hiyo ina maana kubwa. Haimfanyi mtoto awe mla njugu. Inampa nafasi kwamba akiuma kwa bahati mbaya keki yenye njugu, hatakufa.

Ugumu wa tiba yenyewe ni kwamba dawa na sumu ni kitu kimoja. Kipimo ambacho jana mwili ulikipokea vizuri, leo unaweza kukikataa kwa sababu mtoto ana homa, au amekula dawa tumbo likiwa tupu, au amekimbia sana, au ameoga maji ya moto muda mfupi baada ya kumeza. Kwa hiyo kuna masharti: dawa pamoja na chakula, mtoto atulie baadaye, akiwa na homa hapewi mpaka daktari aulizwe, na sindano mbili za adrenalini za kujidunga ziwe karibu saa zote. Dada alikuja na masharti hayo yamechapishwa, akayabandika ukutani jikoni kwa mama, juu ya picha ya kalenda.

Tatizo lilikuja na waya. Waya ni shangazi, dada ya baba, na katika boma letu waya akisema jambo limesemwa. Alifika kutoka Kisumu siku ya tatu akiwa na kopo la kapsuli alilonunua kwenye kemisti moja mjini. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya tumbo linalotabasamu na maandishi kwamba kila kapsuli ina bakteria bilioni 10.

"Huyu mtoto tumbo lake limeharibiwa na vyakula vya mikebe huko ng'ambo," akasema. "Hawezi kunywa chak mopoto kama watoto wengine, sawa. Basi apewe bakteria wenyewe bila maziwa. Nimeambiwa wanatibu aleji."

"Waya, ngoja kwanza nisome."

"Wewe kila kitu ni kusoma. Kapsuli inasomwa au inamezwa?"

Nikacheka, lakini kopo nikalichukua. Dada yangu alikuwa ananitazama, nikajua naye angependa liwe kweli. Mtu ambaye kwa mwaka mzima amempa mtoto wake kitu kinachoweza kumuua, kila jioni baada ya chakula, akikaa kuhesabu dakika, anatamani chochote kitakachopunguza hofu hiyo. Na waya hakuwa ameota. Habari aliyoisikia ina chanzo, na chanzo chenyewe ni utafiti wa kweli.

Usiku ule, stima ikiwepo, nikaketi na kompyuta.

Mwaka 2015 watafiti wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Profesa Mimi Tang wa Taasisi ya Utafiti ya Watoto ya Murdoch, walichapisha matokeo yaliyozunguka dunia nzima. Walikuwa wamewachukua watoto 62 wenye mzio wa njugu. Nusu walipewa unga wa njugu pamoja na bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus, bilioni 20 kila siku, kwa miezi 18. Nusu nyingine walipewa unga mtupu usio na njugu wala bakteria. Mwishoni tiba ikasimamishwa kwa wiki chache, kisha watoto wakajaribiwa kwa njugu. Kwa waliopata tiba na kufika mwisho, 23 kati ya 28 walikula bila kudhurika. Kwa wale wengine, 1 kati ya 28. Asilimia 82 dhidi ya 4! Miaka minne baadaye wengi wa waliotibiwa walikuwa bado wanakula njugu. Magazeti yakaandika kwamba bakteria wanatibu mzio, na nadhani ndiyo habari iliyosafiri mpaka kwenye kemisti ya Kisumu na kutua kwenye mkoba wa waya.

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kuandika programu, rudia aya hiyo iliyotangulia uone kama kuna kitu kinakuwasha.

Kundi moja lilipata vitu viwili. Kundi jingine halikupata hata kimoja. Ni kama programu yako inakwama, unabadilisha kebo ya mtandao na wakati huohuo unaandika upya sehemu ya kuingilia, inaanza kufanya kazi, halafu unatangaza kwamba kebo ndiyo iliyokuwa mbovu. Umejuaje? Huenda kebo haikuwa na kosa lolote. Unga wa njugu peke yake ulikuwa tayari unajulikana kuwa unazoesha mwili. Ili kujua mchango wa bakteria ilihitajika kundi la tatu: njugu bila bakteria. Watafiti wenyewe walilijua hilo, tena walilisema. Waliolisahau ni waandishi wa vichwa vya habari.

Asubuhi nikamweleza mama. Nilidhani nitahitaji muda mrefu. Akanikatiza: "Kama ile chanjo ya malaria, walipowapa wengine ya kichaa cha mbwa."

Hapo nikakumbuka niko wapi. Kombewa si kijiji kisichojua utafiti. Kituo cha KEMRI na Walter Reed kiko hapahapa. Kati ya 2009 na 2014 Kombewa ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459. Siaya na Kilifi walikuwemo pia kwa upande wa Kenya. Watoto wa kundi la kulinganisha hawakuachwa mikono mitupu: wakubwa kidogo walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na wachanga dhidi ya aina moja ya homa ya uti wa mgongo, ili nao wapate faida fulani na mzazi asijue mtoto wake yuko upande gani. Akina mama wa huku walielezwa haya mikutanoni, tena kwa Kijaluo, wakauliza maswali makali. Septemba 2019 chanjo hiyo ilipoanza kutolewa Kenya, ilianzia kaunti za magharibi, ng'ambo ya ghuba kule Homa Bay ikiwemo. Kwa hiyo mama yangu, ambaye simu yake hutumia kupiga na kupokea tu, anaelewa kundi la kulinganisha kuliko watu wengi ninaobishana nao mtandaoni.

Lile kundi la tatu lilikuja kupatikana. Mwaka 2022 watafiti walewale wa Australia walichapisha jaribio jipya katika jarida la familia ya Lancet. Watoto 201 wa mwaka 1 hadi 10, katika hospitali za Adelaide, Melbourne na Perth. Safari hii makundi matatu: 79 njugu na bakteria, 83 njugu peke yake, 39 unga mtupu. Wakasimamisha tiba kwa wiki 8, wakawajaribu. Waliofaulu: asilimia 46 kwa njugu na bakteria, asilimia 51 kwa njugu peke yake, asilimia 5 kwa unga mtupu.

Someni tena namba hizo. Njugu ilifanya kazi. Bakteria hawakuongeza kitu kwenye kupona.

Lakini waya aliuliza swali zuri zaidi ya nililotarajia. Alisema, sawa, hawaponyi, je, wanapunguza makali ya hiyo dawa? Maana tunalohofia hapa nyumbani si kupona bali mtoto kudhurika jioni. Na hapo jibu si tupu. Madhara yalionekana katika makundi yote mawili yaliyokula njugu, kuliko kundi la unga mtupu. Ila watafiti walipowatazama watoto wa miaka 1 hadi 5 pekee, waliopewa bakteria walipata shida kidogo za tumbo kuliko waliokula njugu peke yake. Ni dalili ya kufuatilia, si zaidi, kwa sababu ukishaanza kukatakata data vipande vidogo utapata kipande kinachosema unachotaka. Tena mpwa wangu ana miaka 7.

Kisha kuna suala la toleo, na hapa wasomaji wa ukumbi huu mtanielewa haraka. Kopo la waya liliandikwa Lactobacillus rhamnosus. Jaribio la Melbourne lilitumia Lactobacillus rhamnosus. Basi ni kitu kimoja? Hapana. Jina hilo ni kama jina la maktaba ya programu bila namba ya toleo. Aliyetumika Australia ana namba yake, CGMCC 1.3724. Kuna GG, aliyetengwa Marekani na Gorbach na Goldin miaka ya 1980, na huyo ndiye anayeuzwa sana duniani. Kuna GR-1, ambaye yuko kwenye mtindi uitwao Fiti, ulioanza kutengenezwa na kikundi cha akina mama wa Mwanza mwaka 2004 kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada na taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania. Ukoo mmoja, tabia tofauti. Alichothibitisha mmoja hakimhusu mwenziwe mpaka naye ajaribiwe. Kopo la waya halikuwa na namba yoyote. Hivi wewe ungeweka kwenye seva yako kitu kisicho na namba ya toleo?

(Niseme hili pembeni kwa sababu limenifurahisha: haki za hataza za GG zilipokwisha, Waholanzi wawili walimtenga bakteria huyo kutoka kwenye bidhaa ya dukani, wakampa jina yoba 2012, na sasa anasambazwa kwa bei ndogo kwa watengenezaji wadogo wa mtindi, hasa Uganda. Kwetu sisi hiyo ni programu huria. Sikujua kwamba bakteria nao wana wafuasi wa chanzo wazi.)

Hayo yote yalikuwa kuhusu kama kopo lina faida. Kilichonifanya nilifungie kabatini ni jambo jingine, ambalo halikuwa limeandikwa popote kwenye kopo.

Bakteria hawa lazima waoteshwe kwenye chakula fulani kiwandani kabla ya kukaushwa. Mara nyingi chakula hicho kina protini ya maziwa. Wakishakauka, mabaki yanaweza kubaki. Madaktari wa Ufaransa waliandika mwaka 2006 na 2007 kuhusu watoto wenye mzio wa maziwa waliodhurika kwa probayotiki, na mabaki ya maziwa yalikutwa ndani yake. Mwaka 2012 madaktari wa Hispania wakaripoti mtoto aliyepata anafilaksia, yaani ule mshtuko mkubwa wa mzio unaobana pumzi na kushusha shinikizo la damu. Walipopima bidhaa za namna hiyo walikuta protini za maziwa, na hata za yai. Kwa hiyo "bakteria wenyewe bila maziwa" aliotuletea waya huenda walikuwa bakteria na maziwa. Katika kazi yetu tunaita hali hii utegemezi uliojificha: programu yako ni safi, lakini imeita nyingine, iliyoita nyingine, na huko chini kabisa ndiko mlango ulikoachwa wazi.

Nilitafuta tovuti ya mtengenezaji, nikaikuta, yenye picha nyingi za tumbo linalotabasamu na neno moja tu kuhusu viambato. Nikamwandikia barua pepe: mnawaotesha kwa nini, na je, mnapima protini ya maziwa?

Sitaki mtu asome makala hii aondoke akidhani probayotiki ni sumu. Mtu mwenye afya anazila kila siku kwenye mala, kwenye mursik, kwenye uji uliochachuka, na hana shida. Kwa wagonjwa mahututi hali ni nyingine. Uholanzi mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 296 wenye uvimbe mkali wa kongosho. Waliopewa probayotiki walikufa 24, wasiopewa walikufa 9. Boston mwaka 2019 iliripotiwa kwamba kati ya wagonjwa 522 wa chumba cha mahututi waliopewa bakteria GG, 6 walikutwa na bakteria haohao kwenye damu. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya madaktari baada ya mtoto njiti kufa kwa maambukizi ya bakteria aliyepewa kama probayotiki. Kinyume chake, India mwaka 2017 jaribio la watoto wachanga zaidi ya 4,500 vijijini lilionyesha kwamba Lactobacillus plantarum pamoja na aina ya sukari ya kuwalisha bakteria ilipunguza sana maambukizi ya damu na vifo vikihesabiwa pamoja. Na jirani zetu wa Homa Bay, kati ya 2020 na 2022, walishiriki jaribio la watoto wachanga 600 lililoendeshwa na wataalamu wa Liverpool na KEMRI. Makundi manne: matatu yenye mchanganyiko tofauti, ule wa India ukiwemo, na la nne bila kitu. Halikuwa la mzio, lilihusu uvimbe wa utumbo na afya ya mtoto mchanga. Nalitaja kwa sababu ndivyo swali la namna hii linavyojibiwa: kwa daftari la madhara linalojazwa kila ziara, si kwa kopo lenye picha.

Basi tulifanya nini? Dada aliandika kwa kliniki yake Birmingham, akajibiwa siku ileile. Jibu lilikuwa fupi: msiongeze kitu kipya chochote mkiwa safarini, akipata homa simamisheni kipimo na mtuulize, akikosa zaidi ya siku 2 mfululizo msianze tena bila kutuuliza. Waya akasomewa. Akanyamaza kidogo, akasema kliniki hiyo haijui tumbo la Kijaluo. Lakini hakubisha tena.

Sindano za adrenalini zilitupa kazi. Hazitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25, wala kuwekwa kwenye friji, na Desemba ya Kombewa haina mahali pa nyuzi 25. Tukazitia kwenye mkebe mkavu, tukaweka mkebe kando ya dapi, ule mtungi mkubwa wa maji wa mama, pembe ya nyumba yenye ubaridi kuliko zote. Nikaweka na kipimajoto. Adhuhuri kilisoma 24. Mimi pia nilipita hospitali ya Kombewa kuuliza kama adrenalini ya kawaida ipo, ile ya vichupa. Muuguzi akanionyesha, akaniuliza uzito wa mtoto, akaandika kipimo kwenye kikaratasi. Kipo kwenye pochi yangu hadi leo.

Tarehe 28 Desemba, kama nusu saa baada ya dawa ya jioni, binamu zake walipita wakifukuzana na mbwa, na kabla mtu hajasema neno mtoto alikuwa nje anakimbia nao. Dakika kumi baadaye akarudi anajikuna. Vipele shingoni, vipele tumboni. Dada akampa dawa ya mzio, akamketisha, mkebe ukaletwa mezani ukafunguliwa. Nilikuwa nimeshatoa gari nje na kuligeuza kuelekea barabarani. Tukamtazama midomo, tukamsikiliza pumzi, tukamuuliza maswali ili asikie sauti zetu na sisi tusikie yake. Baada ya saa moja vipele vilikuwa vimefifia, naye anauliza kama mbwa amepata chakula.

Dada alipoipigia simu kliniki, swali la kwanza lilikuwa: kuna nini kipya? Akajibu: amekimbia baada ya kipimo. Kingine? Hakuna kingine. Wakamwambia basi ni kukimbia, kipimo kibaki palepale, na kesho apewe akiwa ameketi na abaki ameketi. Ilikuwa simu ya dakika nne. Kama tungekuwa na kapsuli za waya ndani ya mtoto siku ya tano ile, tungekuwa na watuhumiwa watatu: mbio, bakteria, na maziwa yaliyojificha. Kliniki isingekuwa na njia ya kuwatenganisha. Huenda wangeshusha kipimo, au wangesimamisha tiba ya mwaka mzima mpaka arudi, kwa kosa ambalo si la njugu.

Kesho yake tulimketisha chini ya mwembe na mchezo wa kompyuta kwa saa mbili. Waya ndiye aliyekuwa mlinzi, na binamu wakipita na mbwa wao alikuwa anawafukuza kwa fimbo.

Mtengenezaji alinijibu katikati ya Januari, wageni wakiwa wamesharudi Birmingham. Mistari miwili, bila salamu: bakteria wao huoteshwa kwenye mchanganyiko wenye protini ya maziwa, na kiasi kinachobaki hakipimwi. Niliichapisha barua hiyo nikampelekea waya Kisumu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama kemisti wanaweza kumrudishia pesa zake.